Mwenye Funguo za Stoo ya Dawa

Dodoso la kutathmini mahitaji ya mafunzo katika ugavi wa dawa halikosi swali hili: je, mtumishi anayesimamia stoo amewahi kuhudhuria mafunzo ya usimamizi wa dawa na vifaa tiba? Anayeuliza huweka alama ya ndiyo au ya hapana, kisha huenda kwenye swali linalofuata. Hapana zikiwa nyingi, ripoti hupendekeza mafunzo. Ndiyo zikiwa nyingi na dawa bado zinakosekana, ripoti hupendekeza mafunzo ya kukumbushia. Swali lenyewe halina ubaya, lakini limeshakata shauri kabla ya jibu kutoka: kama rafu ni tupu, basi aliyepungukiwa ni mtu aliyesimama mbele yake.

Kadiri ninavyolirudia swali hilo ndivyo ninavyoona kuwa kutathmini watumishi ni suala la haki kabla halijawa suala la utaalamu. Mwenye dodoso ana uwezo wa kumwandika mwenzake kuwa hajui. Akishaandikwa hivyo, kutojua kwake kunakuwa takwimu, takwimu inakuwa bajeti, na bajeti inarudi kijijini ikiwa barua ya mwaliko wa semina. Katika mzunguko wote huo huenda hakuna aliyemtazama akifanya kazi hata asubuhi moja.

Basi tuitazame asubuhi hiyo. Zahanati ya kijiji Tanzania Bara mara nyingi haina mfamasia wala fundi sanifu dawa. Funguo za stoo ziko mfukoni mwa muuguzi, au mhudumu wa afya, au mganga mfawidhi mwenyewe. Saa mbili haijafika na benchi limeshajaa. Kuna siku za kliniki ya watoto na siku za wajawazito, na usiku kuna anayekuja kujifungua. Stoo nayo inangoja. Gari la Bohari ya Dawa, MSD, likishusha maboksi, mtu apokee, afungue, alinganishe na hati mbele ya wajumbe wa kamati ya zahanati. Kila aina ya dawa ina kadi yake, na kila kinachoingia na kinachotoka kiandikwe. Dawa zipangwe kwa tarehe za mwisho wa matumizi, ile inayokaribia kuisha muda ikae mbele itoke kwanza. Joto la jokofu la chanjo lisomwe asubuhi na jioni, Jumapili ikiwemo. Ukifika wakati wa hesabu, kila kopo na kila boksi liguswe kwa mkono. Kisha ijazwe fomu ya taarifa na maombi, ipelekwe wilayani, ifuatiliwe. Kila kimoja katika hivi ni kazi nyepesi. Ukivijumlisha, umepata ajira ya mtu.

Tuseme zahanati hiyo ina aina 120 za dawa na vifaa, na kila aina inachukua dakika nne kuhesabiwa na kulinganishwa na kadi yake. Hizo ni dakika 480, saa nane kamili. Siku nzima ya kazi imekwenda kwa kuhesabu tu, fomu haijaguswa, na wagonjwa hawakuambiwa wabaki nyumbani siku hiyo.

Fomu nayo ina mtego wake. Chukua dawa mseto ya malaria. Katika siku 90 zahanati imetumia dozi 600. Mtu mwenye haraka ataandika kuwa matumizi ya robo mwaka ni 600, ataagiza kwa kipimo hicho, na hakuna wa kumlaumu kwa hesabu hiyo. Ila katika siku hizo 90, siku 30 dawa haikuwepo kabisa. Dozi 600 zilitumika kwa siku 60, yaani dozi kumi kwa siku. Dawa ingekuwepo muda wote, zingetumika 900. Asiyerekebisha hesabu kwa siku za upungufu anauandika upungufu wa jana kuwa mahitaji ya kesho. Robo inayofuata ataletewa pungufu, itakwisha mapema zaidi, naye ataandika tarakimu ndogo zaidi. Rafu inajifundisha kuwa tupu. Na kule juu, wilayani, bohari na wizarani, tarakimu hizo zinajumlishwa na kuitwa mahitaji ya taifa.

Nimekaa kidogo kwenye hesabu hiyo kwa sababu hapo ndipo mtu huruka na kusema: unaona, wanahitaji mafunzo. Pengine. Lakini kwanza tuulize hesabu hii ilifikaje kwenye meza ya muuguzi.

Hapo zamani haikuwa yake. Katika miaka ya 1980 Tanzania ilikuwa ikipeleka dawa muhimu vijijini kwa maboksi yaliyofungwa tayari, kwa msaada wa Denmark kupitia UNICEF. Boksi lilikuja na idadi iliyopangwa mbali, na kwa zahanati nyingi lilikuwa lile lile, iwe ya bondeni kwenye malaria ya mwaka mzima au ya nyanda za juu penye baridi. Huku dawa fulani ilikwisha katikati ya mwezi, kule ikakaa mpaka ikaisha muda. Kasoro hiyo ilikuwa kubwa, na wataalamu walikuwa na haki ya kuibadilisha. Basi ikaja fikra kwamba zahanati yenyewe ndiyo iagize, kwa kuwa ndiyo inayowajua wagonjwa wake. Mfumo ulioitwa ILS ulijaribiwa mwaka 2005 na kuenezwa nchini miaka iliyofuata. Ni fikra ninayoiunga mkono hata leo. Inampa heshima aliye karibu na mgonjwa.

Ila heshima hiyo ilikuja na mzigo, na mzigo haukuandikwa popote. Hesabu ambazo zamani zilifanywa na watu wachache wenye meza na kikokotoo zilihamishiwa kwa maelfu ya watu wenye foleni mlangoni. Mwaka 2007 ukaja Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi, MMAM, uliolenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Majengo yakaongezeka, na kila jengo jipya likawa na stoo yake, funguo zake na fomu zake. Ukaja mfumo wa kielektroniki wa kupeleka maombi. Ukaja mfumo wa Jazia, ulioanzia Dodoma mwaka 2014 na kuenea mikoa yote kufikia 2018, ili kituo kikikosa dawa MSD kiweze kununua kwa mshitiri mmoja aliyeteuliwa mkoani. Mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zikaanza kwenda moja kwa moja kwenye akaunti za vituo. Kila hatua ilikuwa na sababu nzuri, nami nisingependa hata moja irudishwe nyuma. Lakini hebu tuhesabu tena: yule yule mwenye funguo sasa ni mtunza stoo, mwagizaji, mnunuzi, mlipaji na mtoa taarifa, na bado ni muuguzi. Mageuzi yote hayo yalikuja na semina. Yaliyokuja na mikono ya ziada ni machache mno.

Mwaka 1970 Wamarekani wawili, Robert Mager na Peter Pipe, waliandika kitabu kidogo kuhusu matatizo ya utendaji kazini. Waliwafundisha wasomaji wao kuuliza swali moja kabla ya kuagiza mafunzo yoyote: kama maisha ya mtu huyu yangetegemea jambo hili, angeweza kulifanya? Akiweza, tatizo lake halimo kwenye ujuzi, na kumfundisha upya ni kumpotezea muda. Kuna kinachomzuia: hana nafasi, hana kitendea kazi, hakuna anayejali akifanya au asipofanya, au anaadhibiwa kwa kufanya vizuri. Hilo la mwisho linaweza kuonekana kama utani, lakini muulize mtumishi ambaye taarifa zake huwahi na kuwa sahihi. Mwakani atakabidhiwa na taarifa za jirani yake.

Ukilipeleka swali hilo zahanati, linapata ukali ambao waandishi wake hawakuukusudia, kwa maana pale kuna maisha yanayotegemea kweli. Tofauti ni kwamba si ya muuguzi. Nami nadhani ukimketisha muuguzi wetu mahali patulivu, na kikokotoo, na kadi zilizojazwa, ile hesabu ya dozi 900 ataipata. Wengi wao wamefaulu hesabu ngumu kuliko hiyo, za kupima dozi ya mtoto kwa uzito wake. Kinachokosekana ni mahali patulivu. Hakuna semina inayofundisha hilo, na sioni itakavyofundisha.

Tena semina zenyewe tuzisemee kwa uaminifu, maana ni rahisi kuzikebehi. Mtumishi hupata posho, hulala kwenye nyumba yenye umeme usiokatika, hukutana na wenzake wa kata za mbali na kugundua kuwa shida si yake peke yake. Kwa mtu ambaye mwaka mzima hakuna aliyempongeza, barua ya semina ni kama mtu kukuita kwa jina lako. Sitamlaumu anayejibu kwenye dodoso kwamba ndiyo, anahitaji mafunzo. Ameulizwa anachoweza kupewa, akakitaja. Angeulizwa kama anahitaji mtumishi wa pili angetaja hicho pia, lakini uzoefu umemfundisha kwamba ombi la mtumishi wa pili huenda mahali ambapo majibu hayatoki: kibali cha ajira, ikama, bajeti ya mishahara. Mwenye kuandaa tathmini naye yuko kwenye kamba hiyo hiyo. Mradi wake una fungu la mafunzo. Hauna fungu la mishahara. Kwa hiyo pande zote mbili zinakutana kwenye jibu ambalo hakuna aliyedanganya katika kulitoa na ambalo halisemi kweli.

Hapa ndipo neno mahitaji linapogeuka. Tunajidai tunapima anachohitaji mtu, kumbe tumepima tulicho nacho mkononi.

Zipo njia za kupima zilizo na adabu zaidi. Shirika la Afya Duniani lina mbinu iitwayo WISN, inayopima mahitaji ya watumishi kutokana na uzito wa kazi yenyewe, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoitumia. Inaanza na muda. Mwaka una wiki 52, kila wiki siku tano za kazi, jumla siku 260. Ondoa likizo, ondoa sikukuu, ondoa siku za kuugua, ondoa siku za semina. Kinachobaki ndicho mtumishi alicho nacho kweli. Halafu inapima kila kazi inachukua muda gani ikifanywa inavyotakiwa, inazidisha kwa wingi wa kazi, na mwishoni inasema: hapa panahitaji watu watano, mnao watatu. Ninachokipenda katika mbinu hii ni kwamba haimuulizi mtu kama anajua. Inauliza kazi ni kubwa kiasi gani, kisha inahesabu mikono. Na zile siku za semina inazitoa kwenye muda wa kazi bila aibu, jambo ambalo ripoti nyingi za mafunzo husahau kulitaja: muuguzi akiwa semina wiki nzima, huko kijijini kuna mtu aliyekuta mlango umefungwa.

Lakini hata mbinu hiyo ina mahali pake pa giza. Inatenganisha huduma kwa wagonjwa, ambazo zina takwimu, na shughuli za kuunga mkono huduma, ambazo hupewa kiasi cha muda kwa kukadiria. Kuandika kadi, kuhesabu, kuagiza na kupanga rafu huangukia upande huo wa pili. Zinakuwa asilimia kadhaa ya muda wa kila mmoja. Na kazi iliyo asilimia chache ya kila mmoja ina desturi ya kungoja mpaka jioni, na jioni ina mambo yake. Mgonjwa ana sauti, mtoto analia, mzazi anasukuma. Kadi ya stoo imekaa kimya msumarini. Mtu akichagua kumhudumia anayelia, nani atamshitaki? Mimi ningefanya vivyo hivyo. Ndiyo maana naona si haki kuiita kazi ile wajibu wa wote, halafu ikiharibika tutafute wa kumlaumu kwa jina.

Na lawama hupatikana upesi. Kijijini dawa zikikosekana maelezo ya kwanza huwa yameshatayarishwa: wameziuza. Wakati mwingine ni kweli, tusifunike. Dawa za umma huibwa, na wezi wengine wamevaa sare nyeupe. Lakini fikiria muuguzi mwaminifu ambaye kadi zake hazijajazwa tangu miezi miwili iliyopita kwa sababu alikuwa peke yake. Mwenyekiti wa kijiji anakuja na wajumbe, wanauliza ziko wapi dozi zilizoshushwa mbele yao. Amezitoa kwa wagonjwa, mmoja mmoja, kwa mkono wake. Hana cha kuonyesha. Mbele ya wajumbe hao anafanana kabisa na mwizi, naye anajua kuwa anafanana.

Kwa hiyo kadi ya stoo ina thamani nyingine isiyofundishwa semina. Walimu wa ugavi watakueleza kuwa ni chombo cha kukadiria mahitaji, na wamesema kweli. Kwa aliyekabidhiwa mali ya watu wengi, ni ushahidi wa uaminifu wake. Wazee wetu wa pwani waliokabidhiana mali kabla ya safari za jahazi walijua kuwa kuandikiana hakuvunji urafiki; kunaulinda. Serikali inayomkabidhi mtu dawa za kijiji kizima bila kumpa muda wa kuandika, imemkabidhi pia shaka ya kijiji kizima. Sijaona tathmini yenye kipengele cha kuuliza: je, mtumishi huyu ana nafasi ya kuthibitisha kuwa ni mwaminifu? Ningependa kuiona.

Nimesema sana kuhusu yasiyofundishika, nisije nikaeleweka kwamba nadhani kila kitu kinajulikana tayari. Yapo mambo ambayo kutoyajua kunaua, na akili nzuri peke yake haiyafikii. Oksitosini, sindano anayochomwa mama baada ya kujifungua ili damu isitoke kupita kiasi, inatakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Chumba cha kujifungulia kina joto, jokofu liko chumba kingine na lina maandishi ya chanjo mlangoni, na usiku wa manane mtu anataka sindano iwe karibu. Basi inakaa kwenye trei. Haibadiliki rangi wala harufu, inapungua nguvu tu. Mkunga anachoma, damu haikati, anachoma tena, na baada ya miaka anakuwa na imani kwamba dawa ya siku hizi ni hafifu. Kuvuja damu baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya uzazi, na sehemu ya kisa hicho imejificha kwenye trei.

Chanjo nazo zina kinyume chake. Wengi wameshika kwamba chanjo huharibiwa na joto, na katika kuogopa joto huzisogeza karibu na barafu. Chanjo ya matone ya polio huvumilia kuganda. Chanjo ya pepopunda, ya homa ya ini aina ya B na ile yenye kinga tano pamoja hazivumilii. Zikiganda zimeharibika, hata zikiyeyuka zikaonekana kama kawaida. Kuna jaribio la kutikisa: unachukua chupa unayoitilia shaka, na nyingine ya kundi hilo hilo uliyoigandisha kwa makusudi ukaiyeyusha, unazitikisa pamoja na kuziweka mezani. Iliyoganda hutulia upesi, chembe zake zikizama chini. Huu ni ujuzi wa mkono na jicho. Mtu akionyeshwa mara moja na mwenye kujua, mezani pake mwenyewe, kwa jokofu lake mwenyewe, anaushika. Akionyeshwa picha ukutani kwenye ukumbi wa hoteli, ataukumbuka mpaka kwenye jaribio la mwisho wa semina, ambalo atalifaulu.

Mwenye kutathmini angejuaje upungufu wa namna hii? Kwenye dodoso kila mtu ataandika kuwa anatunza chanjo ipasavyo. Inabidi aombe kufunguliwa jokofu. Aseme kwa unyenyekevu: dada, nionyeshe unavyopanga, nionyeshe sindano ya usiku unaiweka wapi. Aombe kadi moja, ahesabu naye makopo yaliyopo, walinganishe. Kazi ya nusu saa, na itaeleza zaidi ya kurasa kumi za ndiyo na hapana. Itaeleza pia vitu ambavyo hakuja kuvitafuta: kwamba rafu ziko juu mno kwa mtu mfupi, kwamba kipimajoto kimekufa, kwamba kadi mpya hazijaletwa tangu zilipoisha na sasa anaandika kwenye daftari la shule la mwanawe.

Tatizo halikuanzia kijijini wala haliishii hapo. Mwaka 2011, katika mkutano uliofanyika Geneva, ulianzishwa ushirika wa kimataifa uitwao People that Deliver, wenye hoja kwamba watu wa ugavi wa afya wana taaluma yao na wanastahili kutambuliwa hivyo. Ushirika huo husema mambo manne lazima yawepo: mtu awepo, awe na ujuzi, mazingira yamruhusu kufanya kazi, na awe na moyo wa kuifanya. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina kituo chake cha umahiri cha chanjo na ugavi wa afya, kilichopo Chuo Kikuu cha Rwanda, Kigali, kinachotoa hadi shahada ya uzamili. Ni hatua njema. Mfamasia wa wilaya wa leo alisomea kemia ya dawa, akajikuta akisimamia maghala, magari, zabuni na watu. Ni vyema wakapatikana waliosomea hayo. Ila katika yale manne, tazama lipi hupata fungu. Ujuzi ni rahisi kununua kwa wiki. Mengine matatu hayauzwi kwa wiki.

Lipo jibu jingine ambalo hutajwa mara chache kwa kuwa halina semina wala ajira mpya ndani yake: kazi yenyewe ipunguzwe. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, katika mkoa wa Cabo Delgado nchini Msumbiji, kati ya 2002 na 2007 shirika la VillageReach na idara ya afya ya mkoa walijaribu kuwatoa wauguzi kwenye safari za kufuata chanjo. Wakawepo watu maalumu waliozunguka kila mwezi na gari, wakihesabu, wakijaza, wakirekebisha majokofu na kuchukua taarifa papo hapo. Muuguzi akarudi kwa watoto, na chanjo zikawa hazikosekani kama zamani. Senegal walifuata wazo linalofanana katika miaka ya 2010 kwa dawa za uzazi wa mpango. Zambia, mwaka 2009, walipima mifumo miwili bega kwa bega. Yote miwili iliiongezea wilaya mtaalamu wa kupanga maombi. Mmoja uliiacha stoo ya wilaya ikiendelea kupokea, kuhifadhi na kugawa. Mwingine uliondoa hifadhi hiyo, na kila kituo kikawa kinafungiwa mzigo wake Lusaka, wilaya inaupitisha tu. Huo wa pili ndio uliopunguza zaidi ukosefu wa dawa. Wafanyakazi wa aina moja, nchi moja, matokeo tofauti, kwa sababu mfumo mmoja ulikuwa na kituo kimoja pungufu ambapo mambo yangeweza kuharibika.

Sisemi mifumo hiyo ihamishwe kama ilivyo. Gari linalozunguka kila mwezi linakula mafuta, na mradi ukiisha gari husimama. MSD kupeleka dawa mpaka mlangoni mwa kituo, badala ya kuziacha wilayani, kulishaondoa safari nyingi za kuzifuata. Ninachosema ni kwamba tathmini ya watumishi isiyo na ruhusa ya kuandika kuwa kazi hii isingepaswa kuwepo, au isingepaswa kuwa ya mtu huyu, imefungwa mkono mmoja kabla haijaanza.

Ningekuwa na sauti kwenye tathmini ijayo ningeomba jambo dogo. Kabla ya kupendekeza chochote, wataalamu wakae na mganga mfawidhi wa kila zahanati waliyoifikia, wachukue ratiba ya zamu ya mwezi, na watafute ndani yake asubuhi moja kila wiki ambayo mwenye funguo ataingia stoo na kufunga mlango, huku mwingine akiwaona wagonjwa. Penye watumishi wanne itapatikana, pengine kwa kusuguana kidogo, na hapo mafunzo yatakuwa na pa kutua. Penye watumishi wawili, mmoja wao yuko likizo ya uzazi, haitapatikana. Waiandike hivyo hivyo kwenye ripoti, kwa jina la zahanati, ukurasa wa kwanza, na wampelekee mkurugenzi wa halmashauri aisaini kuwa ameisoma.